Kampuni haijajitolea kitu

Msomaji wa Kisumu ameniandikia. Anafanya kazi katika kampuni ambayo makao makuu yake yako Marekani, na amepewa tamko la kampuni alitafsiri ili libandikwe ukutani. Sentensi yake ya kwanza ni hii: "Kampuni yetu imejitolea kuleta usawa wa rangi na kukabiliana na ubaguzi wa kimfumo." Anauliza: ni "wa kimfumo" au "wa mfumo"?

Dada, andika "wa kimfumo" ulale usingizi. Ukiandika "wa mfumo", mtu anaweza kudhani mfumo ndio unaobaguliwa. Mfumo limetokana na kufuma, na linafaa: ubaguzi huu umefumwa ndani ya sheria na taratibu, haungoji mtu mwenye chuki. Sheria ya usajili ya 1915 ya wakoloni hapa Kenya, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 kubeba kipande, yaani cheti chake cha usajili, kikitiwa katika kijikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Setla wa Nakuru angeweza kuwasalimu vibarua wake kila asubuhi kwa upole, na kipande kikabaki shingoni mwao, na shamba likabaki lake kwa hati ya miaka 999.

Hilo limekwisha. Sasa tuje kwenye neno ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linaloniharibia chai: "imejitolea".

Limezagaa. Benki imejitolea kukuhudumia, kaunti imejitolea kuzoa taka, chuo kimejitolea kutoa elimu bora. Jamani! Anayejitolea hutoa, na anachokitoa ni nafsi yake: muda wake, jasho lake, hata damu yake. Ndiyo sababu wazee walisema kujitolea mhanga.

Mchukue mama wa Nyalenda tuliyemwita mhudumu wa afya wa kujitolea. Alizunguka nyumba kwa nyumba, jua la Kisumu likimwakia utosini, akiuliza kama mtoto amechanjwa, kama mgonjwa wa kifua kikuu amemeza dawa, kama maji ya kunywa yamechemshwa. Viatu vilikuwa vyake. Nauli yake. Salio la simu, lake pia. Jioni alirudi kwake akakuta jiko halijawashwa na watu wa nyumbani wamekaa wanamsubiri. Huyo alijitolea! Mwaka 2023 serikali ilipowapangia wahudumu hao posho, iliwabadilishia na jina, "kujitolea" likaondoka. Serikali, ambayo simsifii lugha mara nyingi, ilijua kwamba anayelipwa, hata kidogo, hajitolei tena.

Kampuni yako imetoa nini cha kwake? Kutombagua mtu kwa rangi si hisani. Hapa Kenya, Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinamkataza yeyote, si serikali peke yake, kumbagua mwingine kwa asili, rangi au kabila. Kampuni inayojitolea kutobagua ni sawa na mwenye tuktuk wa Kondele anayetangaza kwamba amejitolea kukurudishia chenji yako.

Nashuku neno hili linapendwa kwa sababu halina mdai. Ukiahidi, mwakani nitakuja kukuuliza. Ukijitolea, nitakuulizaje? Nitakushukuru tu.

Na "usawa wa rangi"? Rangi hazijawahi kudai usawa, wanaodai ni watu. Tena, wanachokidai wengi huko Marekani si kila mtu apewe kiasi kile kile, bali aliyenyimwa afidiwe alichonyimwa. Hiyo sisi tunaiita haki.

Mimi ningeandika hivi: "Kampuni yetu inaahidi kuwatendea haki watu wa rangi zote na kuondoa taratibu zake zinazowabagua."

Mkubwa wako akirudisha "imejitolea" kwa wino mwekundu, mwachie. Vituo vyote vya redio viko upande wake, na mimi nimeshazoea kushindwa. Ila nahofu kwamba neno atakalolifuta kwanza ni "zake", abaki na taratibu zisizo na mwenyewe. Hapo, dada, usikubali.