Kwako uliyekabidhiwa timu kwa mara ya kwanza

Usihangaike kujua kama watu wako wanakupenda. Angalia habari mbaya zinakufikia lini. Kazi ikikwama Jumatatu nawe ukaja kuisikia Ijumaa, tena kutoka kwa mteja, timu hiyo bado haijakuamini, hata kama kila asubuhi mnasalimiana kwa vicheko.

Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Harvard alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache, lakini takwimu zikaonyesha kinyume. Alipochimba zaidi, akabaini kwamba timu hizo zilikuwa huru kuyasema makosa yao, kwingine yalifichwa. Kwa hiyo ukiletewa ripoti safi wiki baada ya wiki, usishangilie haraka.

Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi anayeona kasoro huvuta kamba kumwita kiongozi wake, na kasoro isipotatuliwa kwa wakati, uzalishaji husimama. Kamba kama hiyo inaweza kufungwa popote, lakini kinachomfanya mtu aivute tena kesho ni namna alivyopokelewa leo, na hapo ndipo viongozi wengi wapya wanapoharibu. Mtu analeta tatizo, swali la kwanza linakuwa, "Nani kafanya?" Wote waliosikia wamejifunza kunyamaza. Anza na, "Asante kwa kuniambia mapema. Tuanzie wapi?" Uwajibikaji haufi kwa hilo: anayerudia uzembe uleule mwite faragha, umweleze bila kuzunguka.

Ahadi ndogo nazo zina uzito. Ukisema utamjibu kuhusu likizo yake kesho, mjibu kesho, hata kama jibu ni hapana.

Kuhusu lengo la pamoja, kulibandika ukutani hakutoshi. Kila unapogawa kazi, taja na sababu yake. Aliyeambiwa tu "ripoti iwe tayari Alhamisi" atakwama takwimu moja ikikosekana. Anayejua kwamba siku hiyo ndipo itaamuliwa kama mradi uendelee, ataweza kupima mwenyewe kama aendelee bila takwimu hiyo, hata usipopatikana.

Mwombe kila mmoja akueleze kwa maneno yake kazi yenu inamfaa nani. Majibu yakipishana, usimlaumu mtu. Kaeni mlijadili lengo upya. Huenda kasoro imo ndani ya lengo lenyewe, na aliyekaa kimya siku zote ndiye aliyeiona. Ukilirekebisha kwa hoja yake, mtaje mbele ya wenzake.