Barua ya Baraza imesema "uzembe" tu. Je, nifike mbele ya kamati?

Swali: Wakili, mimi ni daktari katika hospitali ya umma huku Pwani ya Kenya. Mama mmoja alipoteza mtoto wakati wa kujifungua, familia ikapeleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Sasa nimeitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Barua inasema nilionyesha "uzembe katika kumhudumia mgonjwa", basi. Isitoshe, mjumbe mmoja wa kamati ndiye aliyeandika ripoti ya ndani ya hospitali iliyonilaumu. Nikatae kwenda? Na nikieleza kwamba chumba cha upasuaji ni kimoja na kilikuwa na mgonjwa mwingine, si nitaonekana natafuta visingizio?

Jibu: Nenda, daktari. Ukisusia, kamati inaweza kuamua kuendelea bila wewe, nayo itakuwa imesikia upande mmoja kwa hiari yako mwenyewe. Ila usiende mikono mitupu.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya hatua ya kiutawala iliyo halali na ya haki, pamoja na sababu za maandishi pale uamuzi unapokuumiza. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, katika kifungu cha 4, inafafanua zaidi: upewe notisi ya kutosha, usikilizwe, uelezwe haki yako ya kuwa na wakili na ya kuhoji mashahidi pale inapohusika, na upewe taarifa na ushahidi utakaotumiwa dhidi yako. Neno "uzembe" peke yake halitoshi. Uzembe upi? Kuchelewa kuamua upasuaji? Kutomwita daktari bingwa? Kutosoma mapigo ya moyo wa mtoto? Huwezi kujibu shtaka usilolijua.

Kwa hiyo andika barua wiki hii, usingoje siku ya kikao. Omba malalamiko yenyewe, taarifa za mashahidi, maoni ya mtaalamu kama yapo, na nakala ya faili lote la mgonjwa. Kama muda ni mfupi, omba kikao kiahirishwe na useme kwa nini. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mara nyingi kesi hizi huamuliwa na karatasi za aina hiyo kuliko ufasaha wa wakili, na nasema hivyo nikiwa wakili.

Kuhusu yule mjumbe, pinga kuwepo kwake mapema, kwa maandishi, na uambatishe ripoti yake. Huhitaji kuthibitisha kwamba anakuchukia. Inatosha kwamba mtu wa kawaida mwenye kuzijua habari zote angeshuku kuwa ameshaamua. Ukinyamaza hadi uamuzi utoke ndipo ulalamike, utaulizwa ulikuwa wapi.

Usiongeze chochote kwenye faili. Kama patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, ina pengo la saa 3 bila alama, liache vivyo hivyo na ulieleze. Alama iliyojazwa baadaye hugeuza kosa la kitabibu kuwa udanganyifu, na hapo hata mimi sina la kukusaidia.

Chumba cha upasuaji si kisingizio mradi kuna rejista inayoonyesha nani aliingia saa ngapi, na orodha ya zamu inayoonyesha mlikuwa wangapi. Uingereza walipitia hili katika kesi ya Daktari Bawa-Garba, aliyehukumiwa mwaka 2015 kwa kifo cha mtoto wa miaka 6 huko Leicester. Jopo la nidhamu lilimsimamisha kazi badala ya kumfuta kwenye rejista ya madaktari, likizingatia pia kasoro za hospitali. Mahakama Kuu ikamfuta, lakini Agosti 2018 Mahakama ya Rufaa ikarudisha uamuzi wa jopo. Hukumu hiyo haifungi kamati ya Nairobi, lakini hoja yake inaweza kutajwa. Eleza pia ulichofanya wewe ndani ya uhaba huo: ulimpigia nani, saa ngapi, ulifikiria rufaa ya mgonjwa kwenda hospitali nyingine? Mama yule naye ana haki ya kusikia majibu hayo, si habari za vitanda tu.

Usikimbilie mahakamani sasa kuzuia kikao. Kifungu cha 9 cha sheria ile ya 2015 kinataka umalize kwanza njia za ndani, isipokuwa katika hali za kipekee. Uamuzi ukitoka vibaya, dai sababu za maandishi siku hiyohiyo, kwa kuwa ndizo utakazozishambulia katika rufaa Mahakama Kuu.