Unaenda Japani? Haya ya matetemeko yamalize wiki ya kwanza

Wadogo zangu mliopata skolashipu na sasa mnahangaika na viza, najua hapa Dar kila mtu anawapa stori za baridi na samaki mbichi, ila ardhi kutikisika mnaulizia juu juu tu. Nimeishi kule miaka, sasa nipo zangu Tabata na vijana wanaoondoka huwa wanapita kuniuliza, jibu langu ni lile lile: mitikisiko midogo utaizoea mapema mno, unakula, unaona taa ya darini inacheza, unaendelea na sahani yako. Kinachokuja kukusumbua ni maandalizi uliyoyapiga kalenda, na simu za nyumbani.

Nyumba kwanza. Kule sheria ya ujenzi ilikazwa Juni 1981, majengo yaliyopata kibali baada ya hapo yamepigiwa hesabu yasiporomokee watu hata likija tetemeko kubwa. Kwa hiyo dalali akikuonyesha chumba cha bei chee, muulize mwaka wa jengo kabla hujaanza kushangilia kodi. Ukishaingia usilaze kichwa chini ya kabati refu, tetemeko la mji wa Kobe mwaka 1995 lilikuja alfajiri, wengi waliokufa walibanwa na nyumba na vyombo vyao wenyewe. Kuna vyuma vya kukaza kati ya kabati na dari, havitoboi kitu, maana ukitoboa ukuta bila ruhusa ya mwenye nyumba itakula kwako siku ya kuhama. Viatu viwe karibu na kitanda, vioo vikipasuka usiku hutoki peku.

Ikitikisika sasa. Mnakumbuka Agosti 2020 ule mtikisiko wa baharini ulivyofika hapa Dar, watu walivyoshuka ghorofani mbio? Kule usikimbilie nje, vioo na vigae vinakusubiri huko huko, ingia chini ya meza, shika mguu wa meza, tulia. Simu italia mlio wa ajabu, wakati mwingine inakuwahisha sekunde chache, na ukiwa karibu na kitovu italia ukiwa umeshatikiswa, ndo hivyo. Ila ukiwa pwani na mtikisiko ukawa mkali au ukachukua muda mrefu, ukiisha tu panda sehemu ya juu saa hiyo hiyo, usingoje tangazo. Mwaka 2011 maji ya tsunami ndiyo yaliua wengi, sio kuta.

Kuna kitu wageni wengi hawaambiwi: gesi. Baada ya mtikisiko mkubwa jiko haliwaki, mtu anadhani limeharibika au bili haijalipwa, anaanza kulia njaa. Mita yenyewe ndiyo imefunga gesi. Ukishahakikisha hakuna harufu ya gesi, zima kila kinachotumia gesi, nenda kwenye mita nje utaona kitaa chekundu kinamulika, fungua kifuniko cha kitufe, bonyeza, achia, kaa kama dakika 3 bila kugusa jiko, kitaa kikizimika pika chai yako. Ukisikia harufu usiguse kitu, hata swichi ya taa, fungua madirisha, toka nje upigie kampuni ya gesi.

Maji weka lita 3 za kunywa kwa mtu kwa siku, za siku 3 angalau, na keshi kidogo, umeme ukikatika kadi ni plastiki tu.

Haya, sasa bi mkubwa na simu zake. Rasi ya Noto kule Japani ilipopigwa na tetemeko Januari 1, 2024 huku ilikuwa saa nne asubuhi, watu wamekaa sebuleni na sikukuu yao, taarifa inasema Japani 7.6, kila mwenye mtoto kule anapiga simu hata kama mtoto yuko mbali kabisa na Noto. Waelewesheni kabla ya kuondoka kwamba namba hiyo ni ukubwa wa tetemeko zima, Wajapani wana kipimo kingine, 0 mpaka 7, kinachosema mahali fulani pametikisika kiasi gani, na kila mji una namba yake. Halafu kubalianeni: wewe unatuma meseji moja kwenye grupu la familia, "nipo salama", wao hawapigi, laini zinajaa na chaji unaihitaji.

Septemba 1 ni siku yao ya kujiandaa na majanga, wanakumbuka tetemeko kubwa lililopiga Tokyo tarehe hiyo mwaka 1923, mitaani na mashuleni wanafanya mazoezi. Nenda hata kama lugha haijapanda, kuna sehemu wanaleta gari linalotikisa kama tetemeko kubwa kabisa, unakaa kwenye meza ndani yake. Wahi asubuhi, foleni ya watoto ni ndefu.