Megahezi 80 kwenye sekta nne? Mkuu, usipande mlingotini kwanza

Umeandika kwamba unafunga sekta nne (antena za kurusha intaneti bila waya, kila moja ikihudumia digrii 90) pale Mwanga, masafa ya gigahezi 5, uwafikie wateja mpaka Ujiji, na kwamba aliyekuuzia redio kakushauri uweke upana wa chaneli wa megahezi 80 kote na nguvu ya kurusha juu kabisa. Ukauliza na kibali pia. Mimi naanza na hizo megahezi 80, maana kosa hilo nimelilipia kwa fedha, na sitaki kuliona likirudiwa hapa Kigoma.

Hesabu mwenyewe. Ziweke kando chaneli za katikati, zile ambazo redio lazima isikilize sekunde 60 kabla ya kurusha na kuhama ikisikia rada. Unabaki na fungu la chaneli namba 36 hadi 48, na fungu la 149 hadi 161. Kila fungu lina chaneli nne za megahezi 20, kwa hiyo megahezi 80 inameza fungu zima. Kwa hiyo una nafasi mbili, na sekta zako ni nne! Zitagongana tu, tena zikiwa mlingoti mmoja, hatua chache kati yao. Sekta ya kusini inajitahidi kumsikia mteja wa Ujiji mwenye sauti hafifu, wakati mwenzake pembeni anarusha kwa kishindo kwenye masafa yale yale. Pakiti (kifurushi cha data) inapotea, inatumwa upya, inapotea tena. Mteja anaona mawimbi yamejaa kwenye kifaa chake lakini ukurasa haufunguki. Anakupigia simu mara mbili, ya tatu hapigi, kashahamia kwingine.

Na hata ungekuwa na sekta moja tu, bado ni hasara. Wavuvi wa Kibirizi wanajua: taa ile ile ukitaka imulike eneo mara nne, mwanga juu ya maji unafifia, na dagaa hawaji. Nguvu ya redio ni hiyo hiyo, umeitandaza kwenye upana mara nne ya ule wa megahezi 20, na mpokeaji naye anakusanya kelele mara nne. Hiyo ni desibeli 6 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) zimekwenda. Mteja aliyekuwa desibeli 25 juu ya kelele anabaki na 19, redio yake inashuka daraja la mwendo, na anayetumia mwendo mdogo anashika hewa muda mrefu kuliko wenzake. Kwa vifaa vya Wi-Fi ya aina ya 802.11n, mkondo mmoja wa data, megahezi 20, daraja la chini ni megabiti 6.5 kwa sekunde na la juu ni 65. Yaani mmoja wa chini anakula muda wa watu kumi. Unawaumiza wote kwa ajili ya namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi.

Hao wauzaji wananiudhi kweli. Wanapima spidi dukani, redio mbili mezani, mita tatu, kisha wanakuapia kwamba mlimani itakuwa hivyo hivyo. Na hilo la nguvu juu kabisa ni baya vilevile: mlingoti wako ukipaza sauti, mteja hajapata nguvu ya kukujibu. Isitoshe, redio ikisukumwa hadi mwisho wake mawimbi yanachafuka na kumwagikia chaneli za jirani.

Fanya hivi. Megahezi 20 kila sekta: chaneli 36, 44, 149 na 157. Umeacha pengo la megahezi 20 kati ya chaneli za fungu moja. Sekta mbili zinazopakana zisitoke fungu moja: kaskazini 36, mashariki 149, kusini 44, magharibi 157. Kurudia chaneli moja kwa sekta zinazopeana mgongo kunawezekana, lakini redio ziwe zimefungiwa saa ya GPS zirushe pamoja na kusikiliza pamoja. Bila hiyo usithubutu. Ukitaka megahezi 40, subiri mpaka sekta ijae kweli na skani (kupima hewani ni chaneli zipi zinatumika) ionyeshe nafasi.

Skani yenyewe ipige saa 1 hadi saa 4 usiku, watu wakiwa nyumbani. Ipige mlingotini, kisha juu ya bati la mteja. Mteja anasikia kelele ambazo mlingoti hauzisikii, na wengi hukosea hapo.

Kwa ruta za ndani, gigahezi 2.4, ni chaneli 1, 6 au 11 basi. Usijibanze kwenye 3 kwa kuwa umeiona tupu. Ukiwa chaneli moja na jirani, vifaa vinatambuana hata mawimbi yakiwa hafifu kiasi cha hasi 82 dBm (desibeli ukilinganisha na miliwati moja), vinapeana zamu. Ukikaa pembeni yake nusu nusu, havielewani. Vinasubiriana tu mawimbi yakifika hasi 62, chini ya hapo ni kelele kwa kila mmoja. Ukiwa kwenye 3 unawaharibia wa 1 na wa 6, nao wanakuharibia wewe.

Kibali na chaneli zinazoruhusiwa, pamoja na kiwango cha nguvu, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kabla ya kuwasha chochote. Wakikukatalia chaneli mojawapo niliyotaja, panga upya ila upana ubaki 20.

Piga skani ya leo usiku, mlingotini na bati moja la Ujiji, utuwekee picha zote mbili hapa. Tutapanga chaneli pamoja kabla hujafunga hata nati moja.