Pointi moja ilitosha

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni fainali gani ya michezo ambayo msomaji hawezi kuisahau, na kwa nini. Najua wengi watakuandikieni kuhusu soka. Jibu langu ni raga, fainali ya Kombe la Dunia la wanaume: Afrika Kusini 12, New Zealand 11, Stade de France, tarehe 28 Oktoba 2023.

Kwetu ilikuwa saa nne usiku. Niliiangalia Paje, katika ukumbi wa hoteli ninayofanyia kazi, pamoja na wageni wa Afrika Kusini waliowahi viti vya mbele tangu magharibi. Wapishi nao walitoka jikoni na aproni zao. Sisi tulizoea soka tu, basi mama mmoja mgeni, mtu mzima, akawa anatufahamisha kila filimbi ikipigwa: mpira haurushwi mbele kwa mkono, ukiukandamiza chini nyuma ya mstari wa wapinzani hiyo ni trai, unapata pointi tano, penalti ikipita katikati ya milingoti ni tatu.

Pointi zote 12 za Afrika Kusini zilitokana na mguu wa Handré Pollard, penalti nne za kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili hawakuongeza hata moja. Dakika arubaini nzima walikuwa wanalinda walichokwisha kukichuma, na mvua ya Paris inauterezesha mpira mikononi.

Pollard mwenyewe hakuwemo kwenye kikosi cha mwanzo. Aliitwa mashindano yameshaanza, achukue nafasi ya Malcolm Marx aliyeumia goti. Lakini Marx si mpiga mikwaju, ni mtu wa katikati ya safu ya mbele kwenye skramu, pale timu mbili zinaposukumana zimeinama kugombea mpira. Kwa hiyo makocha walikubali kubaki na Bongi Mbonambi peke yake kwenye kazi ile ngumu ili wapate mguu wa Pollard. Fainali haijatulia, Mbonambi akaumia akatoka! Akaingia Deon Fourie, mtu wa miaka 37, akaibeba nafasi ile karibu mechi nzima. Mimi fainali ile nikiitaja, namtaja yeye kabla ya mfungaji yeyote.

New Zealand nao wana haki yao. Nahodha wao, Sam Cane, alipewa kadi nyekundu, ya kwanza katika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume, wakabaki wachezaji 14 badala ya 15 kwa zaidi ya dakika hamsini. Na wakiwa pungufu hivyo hivyo, Beauden Barrett akafunga trai pekee ya usiku ule. Mkwaju wa nyongeza, ule wa pointi mbili unaopigwa baada ya trai, Richie Mo'unga akaupiga ukapita nje. Dakika ya 73 Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini akala kadi ya njano, ambayo kwenye raga humtoa mchezaji nje kwa dakika kumi, na Jordie Barrett wa New Zealand akaweka mpira wa penalti karibu na katikati ya uwanja. Kamera ikamwonesha Kolbe kwenye kiti cha adhabu, jezi kaivuta hadi machoni, hataki kuona. Mpira ukaenda pembeni. Pale ukumbini yule mama alinishika mkono mpaka ukaniuma.

Wapo wanaosema Afrika Kusini walibahatisha. Siafiki hata kidogo. Robo fainali waliwatoa Ufaransa 29-28, nusu fainali Uingereza 16-15, na fainali vile vile kwa pointi moja. Timu inayofanya hivyo mara tatu mfululizo inajua inachokifanya. Siku ya fainali Pieter-Steph du Toit peke yake aliwaangusha wapinzani mara 28, na kila mara alikuwa anainuka na kurudi kwenye mstari.

Na wale wanaoniambia raga haituhusu watu wa Afrika Mashariki, nawakumbusha kuwa Julai 2025 fainali ya Afrika ilichezwa Kampala. Zimbabwe waliwafunga Namibia 30-28, wakapata tiketi ya Kombe la Dunia la Australia mwaka 2027.