Jibu: Mzizi wa bibi na hataza ya kampuni

Mkuu, umeuliza kama kampuni inaweza kuuombea hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwa peke yake katika kutumia uvumbuzi wake) mzizi wa dawa anaochemsha bibi yako huko Mpwapwa. Ngoma yetu ya muheme, ile ya Wagogo, ina afadhali: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda sanaa za jadi, na anayezitumia kibiashara nje ya mila huhitaji kibali. Dawa ni habari nyingine. Hataza hudai kitu kipya, na mzizi wa mababu si mpya. Lakini kampuni ikitenga kiini chake maabara, hoja inabadilika, maana kiini hicho chaweza kudaiwa kuwa kipya (hapo ndipo wajanja hupita). Mei 2024, Geneva, wanachama wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, walipitisha mkataba unaomtaka mwombaji ataje chimbuko la mmea na ujuzi wenyewe. Kwa sasa bibi asimwonyeshe mgeni mzizi kabla hawajaandikishana.