Sumukuvu na utando wa utumbo

Umeuliza kama sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na kuvu kwenye vyakula kama nafaka, huishia kwenye ini tu, au utumbo nao huumia, na kama kuchemsha chakula kunatosha. Utumbo huumia, tena ndio wa kwanza kukutana nayo. Utando wake wa ndani ni safu moja tu ya seli zilizoshikamana, na seli hizo hubadilishwa kwa mpya kila baada ya siku 3 hadi 5, kazi isiyowezekana bila kutengeneza protini wakati wote. Hapo ndipo deoksinivalenoli, sumu ya kuvu aina ya Fusarium wanaoshambulia ngano na mahindi, inapoleta madhara: hujibandika kwenye ribosomu, yaani sehemu za seli zinazotengeneza protini, utengenezaji wa protini ukazorota, na protini zinazoziba nafasi kati ya seli, kama klaudini, zikapungua, hata ikabaki mianya ambamo bakteria hupenya na kuchochea uvimbe. Ushahidi mwingi umetokana na nguruwe na seli za maabara, kwa hiyo siafiki wanaouhamishia kwa binadamu moja kwa moja.

Kuhusu kuchemsha, kuvu hufa lakini sumu kwa sehemu kubwa hubaki. Punje zilizosinyaa au kubadilika rangi zichambuliwe na kutupwa kabla ya kusaga.